Wasomaji Wanataka Robi Abaki

Kusoma sijui, na sioni aibu kusema hivyo. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wa kuchunga na mabinti wa kuoza, habari za shule hakuzitaka. Lakini ukija hapa Nyansurura ukataka kujua habari za Mji wa Matinde, vitabu vyote, njoo kwangu. Nitakueleza nani alimpenda nani, nani aliiba ng'ombe za nani, na mtoto yupi si wa yule anayemwita baba. Hata Modesta mwenye duka, ambaye amesoma mpaka kidato cha nne na hatupumzishi nacho, akisahau huja kuniuliza mimi.

Aliyekuwa akinisomea ni Neema, mkamwana wangu. Namwita mkamwana ingawa mwana wa kiume sikujaliwa. Mume wangu Ryoba alikufa akaniacha na mashamba, na ng'ombe, na mabinti walioolewa mbali. Kwetu Wakurya mwanamke aliyebaki hivyo ana njia yake: anatoa ng'ombe, anaoa msichana, msichana anazaa, na watoto wanakuwa wa mji ule na kubeba jina la marehemu. Ndiyo nyumba ntobhu. Nilimwoa Neema alipomaliza sekondari na kwao hawana cha kumpeleka mbele. Nikamtafutia mwanamume wa kuzaa naye, mtu mpole mwenye mji wake mwenyewe, akazaa mtoto wa kiume. Tukampa jina Ryoba. Siku ile shemeji yangu Kornelio, ambaye alishaanza kuyapima mashamba yangu kwa macho, alikuja kutoa pongezi akaondoka hata chai hakumaliza.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, wanawake walikuja barazani kwangu na mahindi yao. Sisi tunapukuchua, Neema anasoma. Ilikuwa kanuni kwamba msomaji hapukuchui, fungu lake tunamfanyia sisi. Alikuwa anasoma vizuri yule mtoto. Akifika penye ugomvi anabadilisha sauti, akifika penye mapenzi anashusha sauti, na Frida jirani yangu, mwanamke mwenye wajukuu, anamwambia rudia hapo sijasikia.

Vitabu vyenyewe vimeandikwa na binti mmoja wa Tarime anayeitwa Kauthar, muuza vitenge sokoni. Mwanzoni tulimbeza, Mwislamu mwenye asili ya pwani atajua nini habari za mji wa Mkurya. Tulipomaliza kitabu cha kwanza tulinyamaza. Matinde wa kitabuni ni mjane kama mimi, hana mtoto wa kiume kama mimi, ameoa msichana anaitwa Robi. Vitabu viwili vya mwanzo ni ujana wa Matinde na mapenzi yake na ukoo wote ule na visa vyake. Cha tatu na cha nne ni vya Robi. Na Robi, baada ya kumzalia Matinde mtoto wa kiume, akampenda mwalimu mmoja anaitwa Nelson.

Kitabu cha nne kilimwacha Robi amesimama kivukoni, Nelson yuko ng'ambo anamwita. Kikaishia hapo. Ukurasa wa mwisho Kauthar aliandika namba yake ya simu, akawaomba wasomaji watume maoni: Robi avuke amfuate Nelson, au arudi kwa Matinde? Akaahidi kwamba kitabu cha tano atakiandika kwa kuwasikiliza.

Hapo baraza lilichafuka. Frida alisema Robi arudi, ng'ombe wameshaliwa. Modesta akasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, heri avuke. Kulikuwa na kundi la wasomaji kwenye simu ya Modesta, akatusikilizisha sauti za watu tusiowajua. Mwanamke mmoja wa Sirari, Kiswahili chake kimeshavuka mpaka wa Kenya zamani, alisema, "Huyo Robi aende tu, bana. Atakaa huko akifanya nini?" Mwanamume wa Mugumu akajibu kwamba wanawake wa siku hizi ndio wanaoharibu mila. Wakatukanana mpaka Modesta akazima. Mimi nilikuwa nacheka. Nikamgeukia Neema nikamuuliza yeye msomaji wetu anaonaje.

"Mimi namsubiri Robi," alisema. "Atakachofanya, nami nitajua."

Kicheko kilinikauka. Maana huko nyuma walikuwa wamekuja mafundi kutufungia pampu ya kisima, na mmoja wao alikuwa kijana wa Kisaka anaitwa Felix. Pampu ilifungwa, mafundi wakaondoka, Felix akaendelea kuja. Pampu haikuwa na ubovu wowote. Nilikuwa naona na kujifanya sioni, nikidhani ni upepo utapita. Jioni ile nilimuuliza Neema waziwazi habari za Felix, akasema, "Mama, ngoja kitabu cha tano." Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu aliyepeleka shauri lake kwa wazee na sasa anangoja jibu.

Nikajua kwamba mji wangu uko mikononi mwa muuza vitenge.

Mtanicheka, lakini mngekuwa mimi mngefanya nini? Neema akiondoka peke yake, Ryoba mdogo analelewa na bibi mwenye magoti mabovu. Akiondoka na mtoto, jina la mume wangu limefutika na Kornelio ataingia shambani na jembe kabla umande haujakauka. Sikuwa na mahali pa kukimbilia. Ila palikuwa na namba ya simu nyuma ya kitabu, na binti aliyesema atasikiliza wasomaji. Basi nikasema atatusikia.

Nilimkamata Modesta na simu yake. Yeye maoni yake yalikuwa Robi avuke, lakini anapenda safari na anapenda habari, akakubali. Tukaenda Kisaka siku ya mnada. Tukaenda Nyambureti kwenye matanga, na Mungu anisamehe, wakati wenzangu wanamlilia marehemu mimi nilikuwa jikoni na wapishi nawaambia habari za Robi. Wengi vitabu hawakuwa wamevisoma. Niliwasimulia vyote palepale, kwa namna yangu. Matinde nilimwongezea maradhi kidogo. Nelson nilimfanya mlevi. Wanawake walifuta machozi kwa kanga, Modesta anawasogezea simu mdomoni, kila mmoja anasema, "Mimi msomaji wa Nyambureti, nasema Robi abaki." Hata diwani hajawahi kuombewa kura namna ile.

Aliyenishinda alikuwa msichana mmoja tu, pale mnadani Kisaka, anauza nyanya. Nilimsimulia yote mpaka kivukoni, akaniuliza, "Bibi, kwani huyo Robi mwenyewe anataka nini?" Nikamwambia auze nyanya zake.

Nyumbani nilikuwa mwema kupita kiasi. Neema akishika ndoo, mimi naipokea. Nilimnunulia kitenge, nikamchinjia kuku bila mgeni. Alishukuru kwa kila kitu, na macho yake yakawa njiani. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nikimwangalia anavyomvalisha Ryoba shati nikawaza, huyu anamzoesha mtoto safari.

Kitabu cha tano kilikuja na basi, kimefungwa gazeti. Jumapili ile baraza halikutosha, wengine walikaa chini ya dirisha. Neema alianza kusoma tulipotoka kanisani akasoma mpaka jua likaanza kushuka. Sauti yake ilikuwa sawasawa tu, penye ugomvi na penye mapenzi. Mimi nilikuwa napukuchua bunzi lililokwisha punje.

Robi alirudi kutoka kivukoni. Alirudi kuchukua mtoto. Nelson akamngoja nje ya uzio. Robi akatoka na mzigo wake, akamkuta Matinde amesimama mlangoni amemshika mtoto mkono. Matinde akasema, "Mtoto ni wa mji huu. Kwenda nenda, mtoto utamwacha." Robi akautazama mzigo wake, akautua chini. Nelson akaondoka peke yake. Robi akaingia ndani, akawasha moto.

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Frida alinikumbatia, mahindi yakamwagika. Na nyuma ya kitabu Kauthar alikuwa amewashukuru wasomaji wa Nyansurura, Kisaka na Nyambureti, waliomwonyesha njia. Modesta alisahau kabisa kwamba yeye alitaka Robi avuke, akawa anaruka kama aliyeandika yeye. Mimi nililia. Nililia kwa furaha, na nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Neema alifunga kitabu akakiweka mapajani.

"Mama," alisema, "habari za Robi umeuliza watu mpaka Nyambureti."

"Nimeuliza, ndiyo."

"Mimi nipo humuhumu ndani. Hukuniuliza."

Sikuwa na pa kujificha, watu wote wananitazama. Nikamwambia haya, na wewe unataka nini?

"Nataka kwenda Kisaka kwa Felix. Na Ryoba niende naye."

Niliwatazama wenzangu. Hawa ndio waliokuwa wametoa maoni kwa mwaka mzima, juu ya Robi, juu ya Nelson, juu ya mbuzi wa Matinde hata. Frida alikuwa anachunguza bunzi. Modesta alikuwa anatafuta kitu kwenye simu. Hakuna aliyekuwa na maoni. Ryoba alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mguu wangu, na mimi, mdomo wangu ukafunguka, na yaliyotoka yalikuwa maneno niliyoyasikia muda si mrefu.

"Mtoto ni wa mji huu. Kwenda nenda, mtoto utamwacha."

Neema hakulia. Alikiweka kitabu kwenye kigoda, akavuta beseni, akachukua hindi, akaanza kupukuchua fungu lake mwenyewe. Nilimwambia aache, tutamfanyia. Akasema, "Kusoma si kumekwisha, mama?"

Hivyo nikashinda. Shikamoo yangu ya asubuhi ilikuwepo, chakula kilikuwa na chumvi, maji ya kuoga yalikuwa tayari. Felix alikuja mpaka kwenye uzio, Neema akatoka wakaongea kidogo, Felix akaondoka na hakurudi. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa mtu. Ryoba alimletea mama yake kitabu chenye picha ya ng'ombe, akamwambia mama soma, akajibiwa kwamba macho yanauma. Mimi nilimwomba atusomee tena kile cha kwanza, cha ujana wa Matinde. Akasema, "Mwisho wake tunaujua, mama." Jumapili wanawake walikuja mara moja, wakapukuchua kimya, hawakuja tena.

Siku moja mchana nilikwenda kumtafuta kisimani kwa sababu amekawia. Nilimkuta anapiga pampu. Ndoo ilishajaa, maji yanamwagika, yanafika miguuni, na yeye anaendelea, macho ameyakaza chini kwenye saruji pale mafundi walipochora tarehe kwa kijiti ikiwa bado mbichi. Nilimwita jina hakusikia. Nilimwita tena. Aligeuka akanitazama kama mtu anayetazama ukuta, akabeba ndoo akanipita. Nilisimama pale nikaogopa kuliko nilivyoogopa kabla ya kitabu. Wakati ule niliogopa ataondoka. Sasa niliogopa kwamba ameshaondoka na mwili wake nimeubakiza mimi.

Mnadhani nilirudi nyumbani nikamwambia mwanangu nenda? Nilijaribu. Nilijaribu jikoni, nikajaribu shambani. Nikikaribia, namwona Kornelio na jembe, nalisikia kaburi la mume wangu, mdomo unagoma. Nikafikiri kama mjinga: aliyemfunga ni kitabu, basi na kimfungue kitabu. Nikamuaga Neema kwamba naenda hospitali Tarime kwa ajili ya magoti. Nikapanda basi, tukavuka mto Mara, nikashuka sokoni nikauliza Kauthar mwandishi. Nikaelekezwa kwenye vitenge.

Alikuwa binti mwembamba, hijabu ya kijani, futi ya kupimia shingoni. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akanipa kigoda. Nilipotaja Nyansurura alisahau wateja.

"Ndiye wewe mama! Nyie ndio mlionipa mwisho wa kitabu."

Nikamwambia nimekuja kuomba cha sita. Nikamwomba amwachie Robi aende. Nilisema niko tayari kuzunguka tena, nitarudi Kisaka, nitarudi Nyambureti, nitawakusanya wasomaji walewale waseme vingine. Niliongea haraka haraka na nikagundua kwamba nimemshika mkono na simwachii. Alinisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulionikatisha tamaa.

"Mama yangu, hadithi imekwisha," alisema. "Wasomaji wameridhika. Nimeshaanza nyingine."

Nilianza kulia mbele ya watu, mzee mzima, katikati ya vitenge. Akanifuta kwa kipande cha kitambaa. Labda ni kwa kunihurumia tu kwamba alianza kuniambia kuwa, kwa kweli, yeye mwenyewe alikuwa ameandika vingine. Kabla sauti zetu hazijamfikia alikuwa ameshamwandika Robi akiondoka. Nikamuuliza aliondokaje. Nilimwambia anisimulie yote, asiruke.

"Asubuhi," alisema Kauthar. "Matinde ndiye aliyemwamsha. Robi alikuwa na mizigo, mtoto naye mzito, asingeweza vyote. Basi Matinde akambeba mtoto mgongoni, akawasindikiza mpaka barabarani."

"Matinde mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu nikafuta. Kwenu mlisema hapana."

Nilirudi na basi la mchana. Neema alinipokea kikapu akaniuliza habari za magoti, nikasema daktari amesema nitembee. Usiniulize nilivyolala.

Kulipokucha nilimwamsha. Nikamwambia afunge vitu vyake na vya mtoto. Alikaa kitandani ananitazama, haamini, anatafuta mtego uko wapi. Akaniuliza, "Kauthar ameandika kingine?" Nikajua kwamba hakudanganyika na habari za magoti. Nikamwambia Kauthar amemaliza kazi yake, hili nalisema mimi. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu Jumapili ile, akalia mpaka akashindwa kufunga fundo la mzigo, nikalifunga mimi.

Ryoba nilimbeba mgongoni kwa kile kitenge nilichomnunulia mama yake. Amekuwa mzito, na magoti yangu ni mabovu kweli. Frida alitoka na ufagio, akatuona, ufagio ukabaki hewani. Kornelio alikuwa kwenye uzio wake. Alituangalia tunapita, kisha akageuza uso polepole kuelekea shambani kwangu. Nilimpa salamu ya asubuhi. Hakuitikia, alikuwa na kazi.

Felix alikuwa ametangulia barabarani na pikipiki, maana Neema alimpigia. Alinishikia kichwa cha mtoto wakati nafungua kitenge. Ryoba aliamka, akaniuliza bibi na wewe unakuja, nikamwambia bibi ana mahindi ya kupukuchua. Neema alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama, nitamleta. Jina lake silibadilishi." Nikamwambia asiahidi mambo njiani. Nilimfunga mtoto mgongoni kwake kwa kitenge kilekile, nikakaza fundo, nikalijaribu kama limeshika. Wakaondoka.

Nilipita dukani kwa Modesta. Alikuwa amesimama mlangoni na wenzake, na maoni yao safari hii yalikuwepo, mengi. Kwamba nimerogwa. Kwamba Matinde asingefanya hivyo hata siku moja. Kwamba mtu aliyezunguka kata kwa kata kumfunga Robi, leo anatoa mjukuu na mji bure. Sikuwaambia habari ya ukurasa uliofutwa. Nilitembea tu. Mgongo wangu ulikuwa bado na joto la mtoto, na nilikuwa natembea taratibu lisiniishie. Nilipofika nyumbani lilikuwa limekwisha.